SOMO: UVIMBE WA NGOZI KWA MGONJWA WA BARIDI YABISI

Ndugu msomaji, tuwaze mama mmoja anayelima mpunga katika bonde la Ruzizi. Vidole vyake vilivimba kwa baridi yabisi hata akashindwa kushika jembe. Munganga alimpa vidonge vya metotreksati, akalima tena miaka mingi. Sasa pana uvimbe mgumu katika mguu wake. Hauumi sana, naye anaufunika kwa kitambaa, maana anaogopa kukatazwa dawa iliyomwinua. Je, afanya vema?

Fahamu kwanza kazi ya dawa ile. Chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Katika ugonjwa huu askari wanapiga viungo vya mwili wao wenyewe, na dawa inawatuliza. Lakini askari waliotulizwa siku nyingi pengine hawalindi vema.

Karibu watu wazima wote wana kijidudu kiitwacho Epstein-Barr, kinacholala mwilini bila kutudhuru. Kilionekana mara ya kwanza mwaka 1964, huko London, katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Ulinzi ukilegea, chaweza kuamka na kuzidisha chembe nyeupe ovyo. Kansa ya chembe hizo huitwa limfoma, na mara nyingine hutokea katika ngozi. Si wengi wanaoipata, lakini yafaa kuijua mapema.

Onyesha upesi mambo haya:
1. Uvimbe au kidonda kisichopona.
2. Matezi yaliyovimba shingoni, kwapani au kinenani.
3. Homa isiyoisha, jasho jingi usiku, au kukonda bila sababu.

Hospitalini utapigwa picha. Ekografi huonyesha kina cha uvimbe na hali ya matezi ya karibu. Skaneri hutafuta kama ugonjwa umefika ndani ya kifua au tumbo. Lakini picha huonyesha mahali na ukubwa tu. Haitaji jina la ugonjwa. Kwa hiyo munganga hutia ganzi, hukata kipande kidogo cha uvimbe, nacho hutazamwa kwa darubini. Usikikimbie kisu hiki kidogo.

Wala usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Aliyemeza prednisoloni siku nyingi akiiacha ghafula anaweza kuzimia, hata kufa. Na metotreksati humezwa mara moja kwa juma. Kuimeza kila siku ni sumu. Peleka vidonge vyako vyote, hata vya sokoni, munganga avione.

Sasa sikia neno la kutia moyo: kwa wagonjwa wengine, munganga akiisimamisha metotreksati, uvimbe hupungua na kutoweka wenyewe. Wengine huhitaji dawa za kansa. Na kwa viungo, iko dawa nyingine. Basi mama yule anaficha kitu ambacho huenda kingepona kwa kuonyeshwa tu.

MASWALI
1. Kwa nini picha peke yake haitoshi?
2. Metotreksati humezwa mara ngapi kwa juma?
3. Nani nyumbani mwako anaficha uvimbe? Utamwambia nini leo?