Kurudi kwenye Moja

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Mwambie mtu "kaa utafakari", naye atakaa, atashika tama, ataanza kuwaza: ada ya mtoto, kodi ya nyumba, yule ndugu aliyekopa laki mbili tangu Pasaka na sasa akikuona anavuka barabara. Baada ya robo saa anainuka na kichwa kizito kuliko alichokaa nacho. Kutafakari, kwa Kiswahili chetu cha kila siku, ni kuliwaza jambo kwa kina, na hilo lina nafasi yake. Meditesheni inashika njia nyingine. Unachagua kitu kimoja kidogo, kwa mfano pumzi yako, unatulia nacho, na akili ikitoroka unairudisha. Basi. Nitaendelea kuiita kutafakari kwa kuwa ndilo neno lililozoeleka, ila humu kila ukilisoma, elewa "kurudi".

Mimi kilichonileta ni kukosa usingizi. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, mahesabu yakagoma kulingana, na kila ikifika saa tisa usiku nilikuwa macho, nahesabu fedha za watu gizani. Rafiki yangu akanishauri nihesabu pumzi badala ya fedha. Niliona ni utani wa mtu aliyeshiba.

Tuanze na kukaa. Si lazima ukunje miguu kama wale wa kwenye picha. Mimi nakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, juu yake kanga iliyokunjwa mara nne, maana ukingo wa ndoo hauna huruma. Kiti cha jikoni kinafaa, kigoda kinafaa, mkeka chini unafaa kama magoti yako bado yanakutii. Muhimu ni mgongo usimame wenyewe bila kuegemea ukuta, mabega yashuke, mikono ilale mapajani. Macho unaweza kufumba, au uyashushe yatazame sakafu hatua moja mbele yako. Kitandani usijaribu. Utalala.

Wakati ninaoupenda ni alfajiri, kabla nyumba haijaanza kuniita. Kama alfajiri yako ni ya kukimbilia daladala, tafuta jambo unalolifanya kila siku bila kukosa, ufunganishe kutafakari na hilo: baada ya swala, baada ya kuoga, au wakati umeinjika chai na unasubiri ichemke. Weka alamu ya dakika tano kwenye simu, zima sauti za ujumbe, kisha iweke simu mbali na mkono. Dakika tano za kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumapili moja.

Sasa pumzi. Usiivute wala usiisukume. Iache ije inavyokuja, wewe uifuate tu. Tafuta mahali unapoihisi vizuri zaidi. Kwa wengine ni puani, kale kaubaridi ka hewa inapoingia. Kwa wengine ni tumboni, panapopanda na kushuka. Chagua mahali pamoja, usihamehame. Kila pumzi inapotoka, hesabu kimoyomoyo: moja. Inayofuata: mbili. Ukifika kumi, rudi moja. Kwa mtu mzima aliyetulia, dakika tano ni mizunguko kama sita au saba hivi ya kumi kumi.

Nikueleze kitakachotokea. Moja. Mbili. Tatu, hivi gesi nimefunga? Nne. Huu mtungi niliununua lini, mbona unaisha haraka, yule muuzaji ana mzani wa kweli kweli? Hapo hesabu imekwisha kufa na wewe hujui. Uko dukani, umeshika kiuno, unagombana na mtu ambaye saa hiyo amelala kwake. Au utashtuka umefika kumi na saba, mdomo wa moyoni umeendelea kuhesabu peke yake kama redio katika nyumba isiyo na watu.

Ni hapa wengi wanaponyanyuka wakisema, mimi hili siwezi, kichwa changu hakitulii. Wanakosea. Kile kitambo ulichoshtuka na kujua kwamba umepotea ndicho zoezi lenyewe. Akili ni kama mtoto aliyetumwa chumvi akakuta wenzake wanacheza gololi. Unamfuata, unamshika mkono, unarudi naye. Humfinyi sikio, maana ukimfinya kesho atajificha. Rudi kwenye moja bila kujitukana. Ukipotea mara arobaini katika dakika tano na ukarudi mara arobaini, umefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa kimya akiota. Mimi miezi miwili ya kwanza kumi nilikuwa naisikia kwa mbali tu.

Na usidhani ni kichwa chako peke yako. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti ambamo watu waliulizwa kupitia simu, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, akili haikuwa kwenye jambo walilokuwa wakilifanya. Na mara nyingi akili zao zilipotangatanga, furaha yao ilikuwa ndogo zaidi.

Kuna jaribio dogo ninalopenda kuwaonyesha wasioamini. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, mpaka usikie mapigo. Vuta pumzi, kisha itoe taratibu sana, kama unayepuliza uji wa moto bila kuumwaga. Wengi watasikia mapigo yanapungua kasi wakati pumzi inatoka na kuongezeka kidogo inapoingia. Kazi hiyo inafanywa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Ukiwa na hasira au hofu, kutoa pumzi kwa urefu ndicho kifaa ulicho nacho bila kukinunua. Kitumie kabla ya kujibu ule ujumbe wa kwenye kundi la familia.

Kelele zitakuwepo. Jogoo, bodaboda, jirani anayesukutua koo kama anayesafisha bomba. Usisubiri kimya, kwetu hakuna. Sauti ikija, isikie, iache ipite, rudi kwenye moja. Ukiwashwa pua, usikimbilie kujikuna. Itazame kwanza ile hali ya kuwashwa kwa pumzi mbili tatu, mara nyingi inaondoka yenyewe. Kama haiondoki, jikune, hapa hakuna mwamuzi. Ukisinzia, fumbua macho au simama. Ukisinzia kila siku, huna haja ya kutafakari, una haja ya kulala.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alinikuta juu ya ndoo yangu gizani. "Mwanangu, unaumwa?" Hapana, mama, nahesabu pumzi. Akasimama mlangoni kidogo. "Na zimefika ngapi?"

Baadaye, tukinywa chai, akauliza lile ambalo wengine huuliza kwa kuzungukazunguka: kichwa kikiachwa kitupu, si majini yataingia? Nikamwambia kichwa changu hakijawahi kuwa kitupu hata sekunde mbili, kwa hiyo hayana pa kukaa. Lakini swali lake nililiheshimu. Ni kweli kwamba kuitazama pumzi ni fundisho la kale la Wabudha. Ni kweli pia kwamba mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, bila kumtaka mtu abadili dini. Na anayevuta tasbihi punje kwa punje, au rozari salamu kwa salamu, akijishtukia amepotea na kurudi kwenye neno alilokuwa akilitaja, kule kurudi anakujua tayari. Sala ina mengine zaidi ya hayo, nami sivichanganyi vitu hivi viwili. Mama mkwe siku hizi anahesabu kwa tasbihi yake, mimi kwa pumzi.

Faida je? Nitakuwa mkweli, maana mitandaoni utaahidiwa hadi kupungua tumbo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500. Walikuta kutafakari kunasaidia kwa kiasi kidogo hadi cha wastani kupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakupata ushahidi kwamba kunazidi dawa au mazoezi ya mwili. Kuhusu uzito wa mwili na usingizi ushahidi haukutosha, jambo lililonisikitisha kwa kuwa usingizi ndio ulionileta. Mimi nililala, ila wiki hizo hizo hesabu za kikoba nazo zilikaa sawa, kwa hiyo siwezi kukuapia ni kipi kilinilaza.

Kwa hiyo dawa zako za presha usiziache. Na kama umepitia jambo zito, ukifumba macho linakurudia kama sinema, fumbua. Weka umakini kwenye nyayo zilizokanyaga sakafu, au acha kabisa, na umwone daktari au mshauri nasaha. Si kila mtu anafaa kuanzia hapa, na hilo si aibu.

Alamu ikilia, usiruke. Chezesha vidole vya miguu kwanza, sugua vigimbi vya miguu mpaka ganzi itoke, kisha ndiyo usimame. Mara moja nilinyanyuka kwa pupa nikiwa nimejaa utulivu, mguu wa kushoto haukuwepo, nikaangukia sufuria ya maharage yaliyolowekwa.