Mchoro Unaosomwa kwa Vidole: Somo kwa Walimu Watarajiwa

Wanachuo wenzangu, hasa mnaojiandaa kwenda TP, tuanze na swali: mwanafunzi asiyeona afanye nini kipindi cha kuchora? Shule ya msingi niliyosoma ilikuwa na jibu rahisi. Mwenzetu asiyeona aliambiwa akae pembeni apumzike, na akapumzika hivyo miaka yote. Kwangu mimi, yule alinyimwa somo. Tusipojipanga, na sisi tutawanyima wengine.

Kinachotuchanganya ni kudhani kwamba picha ni kazi ya macho peke yake. Anayechora anahitaji kujua umbo la kitu, kila sehemu iko wapi, na kuwa na mstari ambao mkono unaweza kuufuata. Yote matatu vidole vinayaweza.

Mfano wa kwanza ni Eşref Armağan wa Uturuki, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1953 akiwa haoni. Huchora kwa kalamu ya chuma ya kuandikia nukta nundu. Kalamu inaacha alama ya kubonyea, na vidole vya mkono wa pili vinaifuata. Kisha hupaka rangi kwa vidole, moja moja, akisubiri ikauke kwanza, zisije zikachanganyika. Kitu kipi kina rangi gani, alijifunza kwa watu. Mwanasaikolojia John Kennedy wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alimpa jaribio la kuchora mchemraba uliogeuzwa pande tofauti. Aliuchora kila mara kama unavyoonekana kwa aliyesimama mbele yake!

Wa pili ni John Bramblitt wa Texas, Marekani, aliyepoteza uoni mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kama sisi. Mistari yake huikamua kwa rangi nzito ya vitambaa, ambayo ikikauka hubaki imeinuka kama mshono. Rangi za kujazia huzichanganya ziwe na uzito tofauti: nyeupe nzito kama dawa ya meno, nyeusi yenye kuteleza kama mafuta. Akizigusa tu, anajua ipi ni ipi.

Sasa tulete somo hili kwetu Mbuji, kwenye milima ya Mbinga. Sisi tunalima ngoro: nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatizana, udongo hufukiwa juu yake, katikati kunabaki shimo. Mtoto wa Mmatengo asiyeona anaijua ngoro kwa miguu na mikono. Umbo analo tayari, kwa hiyo mwalimu aanzie hapo:

1. Mpeleke shambani aguse tuta na shimo, kisha aifinyange ngoro kwa udongo.

2. Mweleze kwamba tutaichora kama inavyotazamwa kutoka juu. Apitishe kiganja juu ya kinyago chake cha udongo. Atakuta miraba iliyopangana.

3. Mpe kadi ngumu, uzi na gundi ya uji wa unga. Abandike uzi kuwa mistari. Mkono mmoja ubaki kwenye kona aliyoanzia ili asipotee.

4. Rangi ziwe na mguso: mchanga kwenye matuta, nyasi zilizokatwakatwa ndani ya mashimo.

5. Usimshike mkono ukachora wewe. Muulize, "Hapa umeweka nini?", halafu msubiri ajibu.

Vifaa hivi havisubiri boom. Vinachotaka ni muda, na darasa la wanafunzi wengi muda ni shida kweli. Basi wape wanaoona kazi hiyohiyo, wafumbe macho, wafanye wawili wawili na mwenzao. Kipindi kinabaki kimoja.

Jambo hili haliishii kwenye sanaa. Ramani ya Jiografia ni mchoro, moyo kwenye Biolojia ni mchoro, pembetatu ya Hisabati ni mchoro. Mtoto tuliyemweka pembeni darasa la tatu atafika sekondari hajawahi kusoma mstari hata mmoja kwa kidole, halafu tutasema masomo hayo hayawezi. Kwenye begi lako la TP, weka uzi na kadi ngumu.