Je, damu inaweza kuonyesha kutanuka kwa aota?

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 68 na amevuta sigara tangu ujanani. Ultrasaundi imeonyesha mshipa mkuu wa tumboni (aota) umetanuka hadi sentimita 4.1. Hakuna kipimo cha damu cha kumfuatilia?

JIBU: Kwa sasa hakuna cha kutegemewa. Kinachotajwa sana ni D-dimer, mabaki ya damu iliyoganda kisha ikayeyushwa. Ndani ya aota iliyotanuka mara nyingi hujengeka tabaka la damu iliyoganda, ndiyo maana D-dimer hupanda, na tafiti zimeihusisha na kasi ya kutanuka. Lakini hupanda pia kwa saratani, maambukizi, upasuaji, hata kwa uzee tu. Ikipanda, haikuambii tatizo liko wapi. Vimeng'enya vinavyokula ukuta wa mshipa navyo vimechunguzwa miaka mingi, bado havijaingia kliniki.

Ultrasaundi haina maumivu wala mionzi, na inapima kile hasa tunachotaka kujua: upana. Uingereza huwaalika wanaume wote wanapofikia miaka 65 kupimwa hivyo, si kwa damu. Kuanzia sentimita 3 tunauita ugonjwa. Kwa mwanamume, upasuaji hufikiriwa kwenye 5.5. Kwa 4.1, kupima kila mwaka kunatosha.

Sigara aache leo. Huchochea mshipa kutanuka na kupasuka. Presha idhibitiwe. Akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, mkimbizeni hospitali. Na wewe na kaka zako, mkikaribia umri wake, mpimwe pia.