Dondoo Muhimu: Biashara Yako Ijulikane Migori na Homa Bay

Kijana anayeanza biashara hukimbilia bango kubwa, ilhali mnunuzi wa mbali hutafuta kwanza nambari ya simu inayopokelewa.

• Liweke duka kwenye Google Maps, ni bure. Andika "mkabala na steji ya Rongo", si "Migori" tu.
• Utasema wateja wako hawaingii mtandaoni. Sawa, lakini mchuuzi wa Kisumu anayefuata omena Mbita hupiga simu kabla ya kulipa nauli: andika nambari kwenye kila gunia.
• Onyesha bei pichani. "Njoo inboksi" hufukuza watu.
• Jina la till ya malipo lifanane na la kibandani.
• Sajili biashara kupitia eCitizen. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na walemavu. Asiye na cheti cha usajili hazimfikii.