Kimo Kumbukumbuni, Hakipo Mezani: Somo la Tafsiri kutoka Maabara ya Kolwezi

Sisi tunaosoma isimu huzoea kudhani kwamba kosa la tafsiri huishia kwenye alama za mtihani. Langu lilimfanya fundi mmoja apoteze mchana mzima akitafuta waya mbovu, ilhali waya wote walikuwa wazima. Ninalieleza hapa kwa sababu lina somo la istilahi ndani yake.

Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Ni mji wa shaba na kobalti. Katika maabara za huko programu nyingi huandika kwa Kiingereza, ofisi huandika kwa Kifaransa, na mafundi husemezana kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya 2006. Wakati wa likizo niliombwa kutafsiri mwongozo mfupi wa kuunganisha mizani na vyombo vingine vya kupimia na kompyuta, kwa kutumia MATLAB.

Mwongozo ulikuwa na amri iitwayo instrfind. Jina lake linaahidi kutafuta vyombo, nami nikaandika: "Amri hii huonyesha vyombo vyote vilivyounganishwa." Sentensi ni nyepesi, sarufi yake haina dosari, na maana yake ni ya uongo.

Tuanze na jinsi programu inavyofanya kazi. Katika utaratibu huo, kabla ya kompyuta kuzungumza na mizani, mtumiaji huunda ndani ya programu kitu kinachosimama badala ya mizani. Kitu hicho hubeba taarifa kama vile tundu ambamo waya huchomekwa, kasi ya mawasiliano, na hali: wazi au kufungwa. Ninakiita kiwakilishi. Kiwakilishi kinaweza kuundwa hata kama mezani hakuna chochote. instrfind hutafuta viwakilishi vilivyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Haiendi kugonga mlango wa kila tundu kuuliza nani yumo.

Siku ile mizani ilikuwa imepelekwa kusawazishwa, lakini kiwakilishi chake kilibaki kumbukumbuni tangu asubuhi. Fundi alifuata karatasi yangu, akaona mizani kwenye orodha, akaamini imeunganishwa na kwamba tatizo ni waya. Akabadilisha waya mmoja baada ya mwingine. Aliponipata jioni hakunigombeza. Alisema tu: "Leki, mu mashini iko, ku meza haiko."

Sentensi hiyo ilinifundisha zaidi ya kamusi niliyokuwa nayo. Kiswahili sanifu kina viambishi vitatu vya mahali: po, ko na mo. Tunasema kipo kwa mahali mahususi, kiko kwa mahali pasipo dhahiri, kimo kwa ndani. Kiswahili cha Kolwezi hutumia iko kwa mengi, na baadhi yetu tuliokaa darasani hukiona kimepungukiwa. Lakini fundi hakupungukiwa na kitu. Tofauti aliyoihitaji aliiweka kwenye mu na ku. Aliyeipoteza ni mimi, niliyekuwa na viambishi vyote vitatu nisitumie hata kimoja, nikajificha nyuma ya neno "vilivyounganishwa".

Basi nikaandika upya. Kifaa ni kile unachoweza kukigusa: kipo mezani. Kiwakilishi ni kile kilichoundwa na programu: kimo kumbukumbuni. Na kati yao kuna hali ya tatu, mawasiliano, ambayo hufunguliwa na kufungwa. Istilahi hizi tatu zilipotengana, amri nyingine zilieleweka zenyewe:

1. instrfind huleta viwakilishi vilivyomo kumbukumbuni. Ikiwa hakuna, huleta jibu tupu. Unaweza kuipa sharti, kwa mfano tundu fulani tu, au vilivyo wazi tu.

2. instrfindall huleta hata viwakilishi vilivyofichwa.

3. clear hufuta jina ulilokipa kiwakilishi, lakini kiwakilishi chenyewe hubaki. Kikiwa kingali wazi, huendelea kushikilia tundu, na kipya hukataliwa. Hapo ndipo instrfind inapofaa: hukurudishia kile ulichopoteza jina lake, ukifunge kwa fclose, kisha ukiondoe kwa delete.

4. Kujua kama kifaa kipo kweli, kiulize. Vyombo vinavyofuata kanuni ya IEEE 488.2 ya mwaka 1987 hujibu swali *IDN? kwa kutaja mtengenezaji, modeli, namba ya pekee na toleo la programu yake. Mizani nyingi zina maswali yao wenyewe. Soma kitabu chake.

Matoleo mapya ya MATLAB yametenganisha mambo haya hata kwa majina. serialportlist huorodhesha matundu yaliyopo kwenye kompyuta, na visadevlist huorodhesha vifaa vinavyoonekana kwa njia ya VISA. Hata hivyo, tundu kuwapo si ushahidi kwamba kuna mizani upande wa pili wa waya.

Funzo kwa mtafsiri ni hili: kabla ya kuchagua neno, uliza kitajwa chake kiko wapi. Na rasimu yako isomwe na atakayeitumia kabla haijapigwa chapa. Mimi niliisoma mara tatu peke yangu. Fundi angeisoma mara moja tu akaona kosa.

Zoezi: Tafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kiswahili cha mji wako, sentensi tatu: faili limefutwa lakini jina lake linaonekana, simu imesajiliwa lakini imezimwa, mwanafunzi ameandikishwa lakini hayupo darasani. Eleza ni kiambishi au kihusishi gani kimebeba tofauti.