SOMO KWA VYAMA: KABLA YA KUNUNUA MASHINE YA KUSAGA



Hutokea mara kwa mara chama cha msingi kikaletewa pendekezo la kununua mashine ya kusaga ya mtu binafsi kijijini. Pendekezo hilo lina mvuto, kwani mashine imekwisha fungwa, umeme upo, na wateja wameizoea. Lakini fedha zitakazolipwa zimetokana na mazao ya wanachama. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia bei, Bodi haina budi kujua kwa hakika mashine hiyo huingiza nini kila mwezi.

1. Kupima maneno ya muuzaji

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Muuzaji anataka Sh. 15,000,000. Anadai kwamba husaga madebe 45 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa Sh. 1,500 kila debe. Daftari la mapato hana. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, yuko shahidi mwingine, nao ni umeme. Katibu aombe risiti za LUKU za miezi 12, ili miezi ya mavuno na miezi ya uhaba yote ionekane. Kisha aisome mita kabla na baada ya kusaga madebe 10. Kama mita hiyo inahudumia pia nyumba au duka, matumizi hayo yaondolewe kwanza.

Ikiwa kila debe hutumia umeme wa Sh. 400, na wastani wa risiti ni Sh. 312,000 kwa mwezi, basi yaliyosagwa ni madebe 780, yaani 30 kwa siku.

2. Hesabu ya mwezi

Mapato: madebe 780 kwa Sh. 1,500 = Sh. 1,170,000

Matumizi:
Umeme: Sh. 312,000
Mshahara wa msagaji: Sh. 300,000
Matengenezo (mkanda, chekeche, nyundo, beringi): Sh. 120,000
Pango: Sh. 100,000
Leseni na kodi: Sh. 38,000
Jumla: Sh. 870,000

Ziada: Sh. 300,000

Kwa madebe 45 ya muuzaji, ziada ingekuwa Sh. 729,000, na fedha zingerudi kwa miezi 21 hivi. Kwa hesabu ya kweli zitarudi baada ya miezi 50. Ikiwa fundi amesema mashine imebakiza miaka 5 ya kazi, chama kitafaidi miezi 10 tu, kisha kitahitaji mashine nyingine. Mkutano ukitaka fedha zirudi kwa miezi 36, bei isizidi Sh. 10,800,000.

3. Mambo ya kukaguliwa

(a) Mashine. Fundi asiyehusiana na muuzaji aifungue na kutoa taarifa ya maandishi.

(b) Madeni. Muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba hadaiwi umeme, kodi wala mishahara, na kwamba mashine haikuwekwa rehani. Madeni anayowadai wateja yasihesabiwe katika bei. Waanzilishi wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1844, waliuza kwa fedha taslimu. Kanuni hiyo ingali na faida.

(c) Banda. Ikiwa ni la kupanga, mwenye banda atie sahihi mkataba mpya na chama kabla ya malipo.

(d) Ushindani. Mkataba umzuie muuzaji kufungua mashine nyingine jirani kwa muda utakaokubaliwa.

4. Uamuzi ni wa wanachama

Taarifa yote isomwe katika Mkutano Mkuu, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Mjumbe wa Bodi aliye ndugu au mshirika wa muuzaji atangaze jambo hilo, naye asishiriki katika kuamua. Ikiwa chama kitakopa, mkopo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Malipo yafanywe kwa benki, na sehemu ya fedha izuiwe hadi makabidhiano yakamilike.

Maswali ya kujadiliwa

1. Pango likipanda hadi Sh. 150,000, fedha zitarudi baada ya miezi mingapi? Je, mashine itakuwa ingali hai?
2. Muuzaji akikataa kuonyesha risiti za umeme, Bodi ifanye nini?
3. Ni nani katika chama chenu atakayeandika daftari la madebe kila siku?