Sarafu za Mwingereza Mbinga na Nyasa: Soma mwaka kwanza, mizani baadaye

MSIMU wa kahawa unapofika Mbinga, fedha ya mauzo huvuta biashara za kila aina, na mojawapo ni ile ya sarafu za zamani. Mnunuzi hupita na mizani mfukoni, hupima kopo la sarafu alizoacha marehemu babu, hutaja bei kwa gramu na kuondoka. Mara nyingi mmoja kati ya hao wawili ameumia, na si lazima awe muuzaji. Somo la wiki hii linaeleza kwa nini mizani peke yake haitoshi, na jinsi mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anavyoweza kuipanga sarafu katika daraja lake kabla ya kutaja bei.

Kwanza tujue sarafu hizi zimefikaje huku. Mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ulikuwa mpakani mwa maeneo mawili ya fedha. Upande wetu Mjerumani alitumia rupia. Baada ya vita Mwingereza aliiondoa, akaleta florini kwa muda mfupi mwaka 1920, kisha shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba na milima, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ng'ambo ya ziwa, katika Nyasaland ambayo leo ni Malawi, zilitumika sarafu za Uingereza kwenyewe. Vijana waliokwenda kutafuta kazi kusini nao walirudi na fedha za huko. Ndiyo maana katika kopo moja unaweza kukuta sarafu za serikali nne.

Hapo ndipo penye mtego. Shilingi ya Afrika Mashariki na shilingi ya Uingereza zilikuwa na thamani moja: ishirini zilifanya pauni. Aliyevuka ziwa kwa mtumbwi mwaka 1925 aliziona kama ndugu. Kwa upande wa madini hazikuwa ndugu hata kidogo.

KIASI CHA FEDHA NDANI YA SARAFU

Msomaji akumbuke kwamba neno fedha lina maana mbili. Hapa tunazungumzia madini. Kwa sarafu za Uingereza kuna miaka miwili ya kukariri, 1920 na 1947.

- Hadi mwaka 1919: sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha. Shilingi moja ina uzito wa gramu 5.66, na ndani yake gramu 5.23 ni fedha safi. Florini, yaani shilingi mbili, ina gramu 11.31. Nusu krauni, yaani shilingi mbili na nusu, ina gramu 14.14.

- Mwaka 1920 hadi 1946: uzito ni ule ule, lakini fedha ni nusu tu. Bei ya fedha ilikuwa imepanda baada ya vita na Serikali ya Uingereza ikapunguza kiwango.

- Kuanzia mwaka 1947: hakuna fedha kabisa katika sarafu za matumizi. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, ingawa kwa macho zinang'aa vilevile.

Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 hadi 1946 ni kubwa na nzito zaidi, gramu 7.78. Hata hivyo fedha yake ni robo tu, yaani gramu 1.94. Zile za mwaka 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli. Senti kumi yenye tundu katikati ni shaba, haihusiki na somo hili.

Sarafu za Afrika Kusini za mwaka 1923 hadi 1950 zina sehemu 800 kwa 1,000, na za mwaka 1951 hadi 1964 zina sehemu 500. Rupia ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na fedha safi karibu gramu 10.7. Rupia ya India ya hadi mwaka 1939 ni hivyo hivyo.

HESABU YA MIZANI

Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba gramu moja ya fedha safi ni Sh 3,000, na kwamba mnunuzi analipa Sh 1,500 kwa kila gramu ya sarafu bila kuangalia mwaka.

Muuzaji wa kwanza ana shilingi 20 za Uingereza za kabla ya mwaka 1920. Zina uzito wa gramu 113.2, hivyo analipwa Sh 169,800. Fedha safi iliyomo ni gramu 104.6, yenye thamani ya Sh 313,800. Muuzaji huyu ameacha mezani Sh 144,000.

Muuzaji wa pili ana shilingi 20 za simba za mwaka 1921 hadi 1946. Zina gramu 155.6, hivyo analipwa Sh 233,400. Fedha safi iliyomo ni gramu 38.8 tu, yaani Sh 116,400. Safari hii aliyeumia ni mnunuzi, kwa Sh 117,000. Kama ni za mwaka 1948, amenunua shaba na nikeli kwa bei ya fedha.

Bei halisi hubadilika kila siku. Soko la dunia huitaja kwa wakia ya madini, ambayo ni gramu 31.1. Gawanya bei ya wakia kwa 31.1, zidisha kwa gramu za fedha safi, kisha ondoa gharama na faida ya msafishaji, kwa sababu hakuna anayelipa bei yote ya soko. Hesabu hiyo ndiyo sakafu ya bei yako. Chini ya hapo usiuze; juu yake kunategemea daraja na uadimu.

KUPANGA DARAJA

Mkusanyaji hanunui madini, ananunua hali ya sarafu. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana bei mara kumi au zaidi kwa sababu ya daraja tu. Wauzaji wa London hutumia herufi, na ni vizuri kuzifahamu kwa sababu ndizo utakazozikuta katika orodha za bei.

- Iliyolika: umbo la kichwa linaonekana kama kivuli, herufi nyingine zimefutika. Isipokuwa kwa mwaka adimu, bei yake ni ya madini.

- F: imetumika sana, lakini mwaka na maandishi yote yanasomeka. Nywele za mfalme zimekuwa kama donge moja.

- VF: imelika sehemu zilizoinuka tu. Nywele nyingi zinaonekana moja moja.

- EF: dalili za kutumika ni chache, na huzioni mpaka uchunguze kwa kioo cha kukuzia.

- UNC: haijawahi kutumika. Ina mng'ao wake wa kiwandani.

Wamarekani hutumia namba 1 hadi 70, utaratibu uliotokana na kazi ya William Sheldon ya mwaka 1949. Namba ikipanda, hali ni bora.

Wakati wa kupanga, angalia kwanza sehemu zilizoinuka, maana ndizo zinazotangulia kulika. Katika sarafu za Uingereza za George wa V, tazama nywele juu ya sikio na masharubu. Katika shilingi ya Afrika Mashariki, tazama taji la mfalme, kisha geuza utazame manyoya ya shingo ya simba. Katika rupia ya Mjerumani, tazama kofia ya chuma ya Wilhelm wa II na tai aliye juu yake. Shika sarafu kwa ukingo, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, na upange kwa upande ulio mbaya zaidi. Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni imeshuka daraja, hata kama picha ni safi.

USISUGUE

Hasara kubwa kuliko zote hutokea nyumbani, kwa nia njema. Mwenye mali husugua sarafu kwa majivu, mchanga wa ziwani, limau au dawa ya meno ili mnunuzi aione imeng'aa. Ule weusi wa fedha ni utando wa kawaida wa miaka mingi, na mkusanyaji huuthamini kama ushahidi kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Ukiuondoa kwa kusugua, unaacha mikwaruzo ambayo haiwezi kurudishwa. Sarafu ya daraja la EF inaweza kurudi kwenye bei ya madini katika dakika moja. Iweke katika bahasha ndogo ya karatasi kavu, moja moja, mbali na unyevu wa ziwa.

UADIMU NA UTAPELI

Uzee si uadimu. Rupia moja ya Mjerumani ni ya zamani, lakini zilitengenezwa nyingi na bado zinapatikana. Rupia mbili za mwaka 1893 na 1894 ndizo zinazotafutwa zaidi. Kwa sarafu za Uingereza, nusu krauni ya mwaka 1905, enzi ya Edward wa VII, inajulikana sana kwa sababu zilitoka karibu 166,000 tu. Kwa sababu hiyo hiyo imeghushiwa. Kwa Afrika Mashariki, florini za mwaka 1920 na 1921 zinastahili kuwekwa kando na kuchunguzwa.

Mizani ya kidijitali ni kinga nzuri. Sarafu iliyotumika hupungua uzito kidogo. Ikizidi uzito wake wa halali kwa kiasi cha kuonekana, itilie shaka. Sumaku nayo inasaidia kwa sehemu: ikinasa, si fedha. Isiponasa, bado hujathibitisha lolote, kwa sababu mchanganyiko wa shaba na nikeli nao haunasi. Na mtu akikuambia rupia yake ina nguvu ya kuvuta mchele au kuzima taa, na kwamba kuna tajiri anayeingoja kwa mamilioni, huyo hauzi sarafu, anakutafuta wewe.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na haikuruhusu kuchimba mabaki ya kale bila kibali. Uvumi wa hazina ya Mjerumani chini ya boma usikupeleke mahakamani. Ukiyeyusha sarafu, umeingia katika biashara ya madini, yenye leseni zake. Uliza ofisi ya madini kabla ya kuwasha moto.

USHAURI KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Soko la sarafu hapa nchini ni jembamba. Kununua ni rahisi, kuuza kwa bei nzuri huchukua muda, kwa kuwa wakusanyaji wengi wako nje. Kwa hiyo fedha ya mbolea ya kahawa na ada ya shule isiingie humu. Anza na sarafu chache za kabla ya mwaka 1920, nunua karibu na sakafu ya madini, na usilipe nyongeza ya daraja usilolijua kulisoma.

Kwa mwenye kopo nyumbani kazi ni ndogo zaidi. Zipange juu ya meza kwa nchi, kisha kwa mwaka, kisha kwa hali. Andika kila moja katika daftari. Mnunuzi akija na mizani, mfungulie daftari kwanza.